Siti ya dereva inalika upande wa mlangoni, nivishe kava au nianzie kwa fundi?

Tairi Pana
Wakuu, habari za wakati huu. Nina gari la 4x4, siti zake ni za kitambaa, zilezile lilizotoka nazo kiwandani. Kazi yangu ni ya porini. Kiangazi natembea kwenye vumbi, masika kwenye tope, na kwa siku moja nashuka na kupanda hata mara thelathini.

Jana wakati naliosha nikapitisha kiganja kwenye ule ukingo ulionyanyuka wa siti ya dereva, upande wa mlangoni. Kitambaa kimelainika kama fulana iliyofuliwa miaka mingi, rangi imepauka, na karibu na mshono nyuzi za kusimama zimekwisha, zimebaki zile za kulala tu. Nikibonyeza, unjano wa sponji unaonekana kwa chini. Siti nyingine zote ni nzima, hata ya abiria wa mbele.

Gari hili nalipenda na sina mpango wa kuliuza. Naomba ushauri: nivishe kava? La turubai, la leza, au yale ya mpira laini? Na hapo palipoanza kulika, pana la kufanya sasa au nisubiri patoboke?

Mshona Siti
Mkuu, usisubiri patoboke. Hiyo ndiyo kazi yangu, na siti nyingi za magari yaliyoinuka juu ninazoletewa zimeanza kufa hapohapo. Gari likiwa juu, mtu anaposhuka hajiinui. Anateleza, na uzito wake wote unapita juu ya ule ukingo. Ndani ya ukingo kuna sponji, na nyuma ya sponji kuna fremu ya chuma. Sponji ikishachoka, kitambaa kinabanwa kati ya paja na chuma, na hapo hakuna kitambaa kitakachodumu.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaza kava, pima sponji. Bonyeza ukingo kwa kidole gumba halafu achia. Ikirudi haraka, bado ina uhai. Ikibaki na shimo, au ukisikia chuma moja kwa moja, imekwisha. Fundi atavua kitambaa kwa kukata zile pete ndogo za waya zinazokishika kwa chini, ataongeza kipande cha sponji ngumu, halafu atatia kitambaa kingine kwa ndani na kukishonea pale palipochakaa. Siti imeunganishwa kwa vipande, kwa hiyo hata kikihitajika kipya anabadilisha kipande kimoja tu. Mwambie atumie uzi wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa jua na jasho.

Gundi usikubali. Inakakamaa, na kitambaa kinakuja kukatikia pembeni mwa gundi.

Vumbi Jekundu
Niongezee hapo kwa Mshona Siti. Wengi tunalaumu kukaa, lakini kinachokula kitambaa ni mchanga. Punje zinazama kati ya nyuzi, kila ukijisogeza zinasaga kama msasa. Siti inaweza kuonekana safi kwa macho, ukiipiga kofi linatoka wingu.

Mimi kila wiki napiga brashi laini kwanza ili vumbi liinuke, ndipo napitisha vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) yenye mdomo mwembamba, hasa kwenye mishono na kule siti inapokutana na mgongo wake. Tope silifuti likiwa bichi, maana ukilifuta unalisukuma ndani. Liache likauke kabisa, livunje kwa vidole, lipige brashi. Doa likibaki, chukua povu la sabuni laini, si maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa na uache milango wazi mpaka pakauke. Niliwahi kumwagia maji mengi nikidhani naosha vizuri. Juu palikauka siku hiyohiyo, lakini sponji ilibaki na maji na gari likanuka ukungu kwa wiki kadhaa.

Asiyechoka Safari
Kwenye makava nimetumia aina zote tatu ulizotaja. Leza inafutika kirahisi, tope halina pa kushika, lakini juani inaunguza na mgongo unalowa jasho, na ile nyembamba inapasuka kwenye mikunjo. Ya mpira, ule wa nguo za wapiga mbizi, inakumbatia siti vizuri na inastahimili maji, ila ina joto na jua linaipausha. Kwa kazi yako ningechukua turubai nene. Mwanzoni ni gumu, unakaa kama umekalia gunia, baadaye linalainika lenyewe. Linapumua kuliko hizo mbili na kwa kusuguliwa halina mpinzani.

Ila liwe limekatwa kwa ajili ya siti ya gari lako. Kava la saizi ya wote linacheza, na kava linalocheza juu ya mchanga linasaga siti kwa chini wewe huoni. Siku ya kulivisha, hakikisha siti imepigwa vakyumu mpaka basi.

Dada Usukani
Jamani mbona hakuna aliyegusa usalama? Ndugu Tairi Pana, fungua mlango uangalie pembeni mwa mgongo wa siti. Ukiona lebo imeandikwa SRS AIRBAG, basi humo ndani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa, inayotokea ubavuni, kati yako na mlango. Kava la kawaida likifunika hapo linaweza kuizuia au kuichelewesha, na eabegi inafanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Tafuta kava lililoachwa wazi ubavu huo, au lenye mshono maalumu unaoachia eabegi ipite. Na fundi asije akakushonea uzi mgumu juu ya mshono wa siti wa ubavu huo kwa nia njema.

Siti ya abiria nayo kwenye magari mengi ina sensa ya kujua kama kuna mtu. Soma kitabu cha gari kabla hujaweka kitu kinene juu yake.

Kanyaga Ngazi
Mimi kava sina na siti zangu ni nzima. Nilibadili namna ya kushuka tu. Geuza mwili mzima kwanza, miguu yote miwili itoke nje, shika kishikio, jiinue, kanyaga ngazi. Usiteleze. Na mfuko wa nyuma uwe mtupu: funguo, kisu, hata vile vipini vidogo vya shaba vya mifuko ya jinzi, vyote vinakwaruza.

Mshona Siti
Kanyaga Ngazi, hilo la kushuka naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mtu anayeshuka mara thelathini na viatu vina tope, kuna siku atasahau. Afanye yote mawili.

Tairi Pana
Nawashukuru sana. Dada Usukani, nimeangalia, lebo ipo. Nilikuwa nakaribia kuagiza kava la kufunika kila kitu, kwa hiyo umeniokoa. Maswali mawili: kava likilowa nikivuka maji nifanyeje? Na zile dawa za kupuliza za kuzuia maji zinasaidia?

Vumbi Jekundu
Likilowa, livue siku hiyohiyo. Usiliache likaukie juu ya siti, unyevu unafungiwa katikati na ukungu unaanzia hapo. Dawa ya kupuliza inafanya maji yaviringike badala ya kunywewa, kwa hiyo kwa chai na tope inasaidia. Kusuguana haizuii hata kidogo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana uone kama rangi haibadiliki, na urudie, maana inaisha kadiri unavyokaa na kusafisha.

Tairi Pana
Mrejesho, wakuu. Nimetoka kwa fundi. Kidole gumba kilisema kweli, sponji ya ukingo ilikuwa imepasuka kwa urefu na chuma kimeshaanza kuchungulia. Kaweka kipande kigumu, katia kitambaa kwa ndani, kashona kwa poliesta, na ubavu wenye eabegi hajaugusa. Kava la turubai nimeagiza lenye uwazi upande huo, litavaa siti zote mbili za mbele.

Alipoinua kitambaa cha chini aliniita nikaone. Kwenye ule mfereji ambapo mshono unazama ndani ya sponji palikuwa na mchanga laini kama unga, umejipanga mstari mzima kutoka mbele hadi nyuma. Tuliukusanya ukajaa kiganja.