Tupeane uzoefu: dawa za wazee mnazihifadhije?

Wakuu habari. Nafanya kazi nyumba moja ya kulelea wazee hapa Moshi, jina naomba nikae nalo. Juzi kati tumeponea chupuchupu. Tuna bibi wawili wa jina moja, mmoja wa presha mwingine wa sukari, dawa zao zilikua bahasha za kaki droo moja, dada wa zamu ya usiku kasoma jina tu akampa yule wa presha kidonge cha kushusha sukari, saa kumi alfajiri bibi kaloa jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Bado alikua anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari tukakimbia nae hospitali, wakamlaza kabisa maana vile vidonge vinaendelea kushusha hata kama ameshapata nafuu. Sasa hivi kila mzee ana boksi lake lina picha yake juu, kabati lina kufuli, funguo iko shingoni kwa alie zamu. Nyie je?

Mpanda Marangu: Poleni. Mie ni insulini ya mama. Krismasi si mnajua wote tumepanda nyumbani kijijini, friji imejaa nyama ya mbuzi na soda, mtu kaisukuma huko nyuma kwenye barafu, nakuja kuichukua imeganda. Shemeji ati iyeyushe. Nikamwambia hii sio samaki, ikishaganda ni ya kutupa. Nilishuka mjini tarehe 26 kusaka nyingine. Siku hizi inakaa kwenye kopo rafu ya katikati, nyuzi 2 mpaka 8, iliyofunguliwa naiweka nje penye ubaridi na kivuli, wiki 4 basi.

Mjukuu Ngaramtoni: Babu yetu anatoa vidonge vyote kwenye karatasi zake, anachanganya kwenye kopo la siagi, kopo linakaa juu ya jiko la kuni eti ndo pakavu 😂 mvuke wa makande wote unaingia humo, vimebadilika rangi. Ukimnyang'anya anasema unamtawala. Tumekubaliana kopo abaki nalo ila mimi kila asubuhi naweka za siku moja tu, nimezikata na mkasi kila kimoja na karatasi yake.

Nesi Sakina: Mkasi hapana ndugu yangu. Nimeshampokea mzee kameza na karatasi yake, zile kona zinachana koo. Mtafutie kile kiboksi cha vyumba, asubuhi mchana jioni.

Mjukuu Ngaramtoni: Duh, na macho yake yale. Vinauzwa bei gani hapo mjini?