Mjadala: Paul wa Hotel Rwanda ni shujaa au ni stelingi tu wa muvi?

Wakuu, juzi usiku tulikuwa kwa shemeji tunaangalia Hotel Rwanda, ile muvi ya 2004 ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 aliyocheza Don Cheadle, ilipoisha ukazuka ubishi mpaka chai ikapoa. Shemeji kashikilia kwamba yule meneja Paul Rusesabagina siyo shujaa wowote, eti kuna manusura waliokuwemo humo humo hotelini wamesema alikuwa anawatoza hela, na kwamba kilichowaokoa ni wanajeshi wa UN, halafu 2021 mahakama ya Kigali ikampiga miaka 25 kwa ugaidi. Nikamwambia sawa, ila jamaa alikana, kuna waliolalamika kesi haikwenda kwa haki, na 2023 wakamwachia. Na hata kama, hiyo kesi ni ya mambo ya miaka mingi baada ya 1994, inafutaje watu zaidi ya 1,200 waliojificha Mille Collines, hoteli yake kule Kigali, wakatoka hai?

Mimi kinachonikamata kwenye ile muvi ni whisky. Jamaa hana bunduki wala hahutubii mtu, yeye anamjazia glasi Jenerali Bizimungu, mkuu wa jeshi la Rwanda, na kumsifia, yaani kazi ileile ya umeneja aliyofanya miaka yote, kumfanya mkubwa ajione mkubwa. Na huyo jenerali ndiye aliyekuja kuhukumiwa miaka 30 na mahakama ya UN pale Arusha! Sasa mlitaka amnyime chupa ili mikono yake ibaki safi? Shemeji akajibu, haya, na aliyekimbia na kanga moja mwilini naye adaiwe chumba? Hapo kusema kweli nilikosa jibu, maana kama walidaiwa kweli basi si jambo dogo.

Ila ninapokubaliana naye ni kwamba muvi imembebesha mtu mmoja kila kitu. Kepteni Mbaye Diagne, Msenegali wa UN, alikuwa anapitisha watu kwenye vizuizi vya interahamwe, wale wanamgambo wauaji, kwa utani na sigara, akauawa na kombora tarehe 31 Mei, mle ndani hata jina sijalisikia. Halafu kuna bibi mmoja wa kijijini, Zura Karuhimbi, watu walimwogopa kama mchawi, naye akautumia huo huo uchawi wao: akajipaka dawa ya majani yenye kuwasha, akapaka na nyumba, wauaji wakigusa wanawashwa, anawaambia mtamkasirisha Nyabingi, ule mzimu wanaouogopa. Kaficha watu zaidi ya mia kwenye kijumba chake, hana hoteli hana simu ya nje. Huyo muvi yake iko wapi?

Katikati ya kelele zetu mama mkwe akatoka ndani, yeye ni mtu wa Kyaka, akauliza mnabishania Rwanda ipi. Akasema wao mwaka ule waliacha kula samaki, kwa vile vitu vilivyokuwa vinapita na mto Kagera kutoka Rwanda. Akakusanya vikombe akarudi ndani, sisi kimya.

Sasa nawarushia nyie, hasa wenye ndugu Kigali na Bujumbura: mzazi wako angekuwa amelala kwenye korido ya hoteli ile, akatoka mzima, halafu ukaja kusikia alilipishwa, ungemwitaje yule meneja? Na msiniletee habari za siasa za leo, jibuni hilo kwanza.