Wakuu, deki ya DVD imechoka: ninunue DVD nyingine, nihamie Blu-ray au niruke hadi 4K?

Mtazamaji_Mkongwe
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Deki yangu ya DVD imeanza kugoma, inaganda katikati ya filamu na diski nyingine haizitambui kabisa. Fundi ameifungua akasema lenzi imekwisha, na kuibadilisha ni gharama isiyo na maana kwa deki ya umri ule.

Nilizonazo ni DVD kabati zima: filamu za zamani, katuni za watoto, na tamthilia kadhaa za miaka ya 90. TV ni inchi 43 ya 4K, na kutoka kwenye kochi hadi kwenye kioo ni kama mita mbili na nusu. Sauti ni sabufa ya kawaida tu.

Sasa nichukue deki ya DVD nyingine maisha yaendelee, ninunue ya Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD), au niende moja kwa moja kwenye 4K (Blu-ray yenye picha kali zaidi)? Na hizi DVD nitazifanyaje? Tafadhali msiniambie nitazame mtandaoni. Huko filamu leo ipo, kesho imeondolewa. Nataka kitu ambacho ni changu. Nawasilisha.

Kimya_Kingi
Deki ya Blu-ray inasoma DVD. Ya 4K inasoma zote tatu. Ya DVD inasoma DVD tu. Sioni kwa nini ununue ya DVD.

Fundi_Lenzi
Mkuu hapo juu kasema kweli, ngoja niongeze sababu yake. DVD inasomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga), Blu-ray kwa mwanga wa bluu-zambarau wa nanomita 405. Mwanga wa wimbi fupi unasoma vishimo vidogo zaidi, ndiyo maana diski ya ukubwa uleule inabeba GB 25 kwa tabaka moja badala ya 4.7. Deki ya Blu-ray inawekewa miale yote miwili, ya DVD ina mmoja tu. Hakuna programu wala ujanja wa kuifanya deki ya DVD isome Blu-ray.

Kwa kuwa umetaja watoto: kwenye DVD data iko katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka juu. Kwa hiyo wamelazimika kuipaka ngozi ngumu, na kusema ukweli inavumilia mikwaruzo midogo kuliko DVD. Ila ikipata mkwaruzo wa kupenya hiyo ngozi, basi. Zote zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe.

Hesabu_za_Jicho
Watu wanabishana 4K na Blu-ray kama dini, wakati swali la kwanza ni jicho lako liko wapi. Jicho zima linatenganisha vitu hadi dakika moja ya nyuzi (pembe ya sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja). Ukiipigia hesabu TV ya inchi 43, pikseli (nukta za picha) za Blu-ray (1920 kwa 1080) unazitenganisha ukiwa ndani ya mita 1.7 hivi. Za 4K, uwe ndani ya sentimita 85. Za DVD unaendelea kuziona hadi zaidi ya mita tatu.

Wewe uko mita mbili na nusu. Maana yake DVD hapo inakupunja kwa macho kabisa, Blu-ray inakutosha na chenji inabaki, na wingi wa pikseli za 4K hutauona mpaka uburute kochi lifike mbele ya kioo.

Nuru_na_Giza
@Hesabu_za_Jicho hesabu sawa, lakini umeiacha nusu ya hoja. 4K si pikseli tu. Diski hizi zilizoanza kuuzwa 2016 nyingi zina HDR: mwanga na giza vimepanuliwa, na kila rangi kuu imepewa ngazi 1,024 badala ya 256. Tazama machweo kwenye Blu-ray uone anga likikatika mistari mistari, halafu weka 4K. Hilo unaliona hata ukiwa mlangoni. Tena diski za 4K hazifungiwi kanda (eneo la dunia), inunue popote duniani, itacheza kwako.

Hesabu_za_Jicho
@Nuru_na_Giza nakubali, kama TV ina mwanga wa kutosha. TV nyingi za bei ya chini zimebandikwa neno HDR kwenye boksi, lakini taa ya nyuma ni dhaifu. Zinapokea mawimbi ya HDR kisha zinaonyesha picha ya giza kuliko ya kawaida. Mwenye uzi aangalie hiyo kwanza.

Bibi_Filamu
Jamani, mmeulizwa na mtu mwenye filamu za zamani na tamthilia za miaka ya 90, mnajibu kana kwamba anatazama filamu za mwaka huu.

Mwanangu, kinachoamua ni kilichopigwa picha siku ile, diski inakuja baadaye. Filamu ya zamani iliyopigwa kwa mkanda wa sinema wa milimita 35 ina undani mwingi kuliko DVD inavyoweza kubeba. Ikichanganuliwa upya kutoka kwenye mkanda wenyewe, Blu-ray yake inaweza kukushangaza kuliko ya filamu iliyotengenezwa miaka ya 2000 mwanzoni. Watu hudhani filamu ikiwa kuukuu basi DVD inatosha, na mara nyingi ukweli ni kinyume chake.

Tamthilia ni kesi nyingine. Nyingi za miaka ile zilirekodiwa au kuhaririwa kwenye mkanda wa video, na mkanda ule hauna kitu zaidi ya alichonacho DVD. Ukinunua Blu-ray yake unanunua picha ileile iliyonyooshwa, labda na boksi zuri. Hizo baki nazo kwenye DVD bila kinyongo, isipokuwa ukisikia kwamba ilipigwa kwa mkanda wa sinema na wameirudia kuhariri toka mwanzo.

Katuni zilizochorwa kwa mkono zinapendeza sana kwenye Blu-ray, ile mistari ya wino inatulia. Ila soma maoni ya walionunua. Wapo wasafishaji wanaofuta chembechembe za filamu hadi sura za watu zinakuwa kama zimepakwa nta, na kwenye katuni wanafuta hadi mistari. Toleo jipya lililoharibiwa hivyo mimi siligusi, nitabaki na DVD yangu.

Nuru_na_Giza
Bibi kanimaliza 😂 Hata 4K ndiyo hivyohivyo. Filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilikamilishwa kwa ukubwa wa 2K (karibu na ule wa Blu-ray), kwa hiyo diski yake ya 4K imekuzwa kutoka hapo. Faida inayobaki ni rangi na mwanga.

Mtazamaji_Mkongwe
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Mawili yamebaki. Hiyo habari ya kanda ikoje? DVD zangu nyingine nililetewa na ndugu kutoka nje, deki ya zamani ilikuwa inazicheza zote. Pili, kijana wangu ana PlayStation 4, je, haiwezi kufanya kazi hii nikaokoa hela?

Fundi_Lenzi
Kanda: DVD za filamu zimegawiwa kanda 1 hadi 6, Blu-ray ni A, B na C. A ni bara la Amerika, Japani na Asia ya kusini-mashariki. B ni Ulaya, Afrika na Australia. C ni China, India, Urusi na jirani zao. Deki yako ya zamani bila shaka ilikuwa imefunguliwa kanda. Tahadhari: deki ya Blu-ray inaweza kufunguliwa upande wa DVD, ikabaki imefungwa upande wa Blu-ray. Ni vitu viwili tofauti, uliza vyote viwili.

PlayStation 4 inacheza DVD na Blu-ray, lakini inafuata kanda za mahali ilikotengenezewa kuuzwa, na hizo DVD za ndugu zitakusumbua. 4K haisomi, hata ile ya Pro. PlayStation 5 yenye nafasi ya diski ndiyo inasoma 4K. Kama kijana yuko radhi kukuachia, jaribu hiyo kwanza. (Atakuachia?)

Kimya_Kingi
Hawezi kumwachia.

Mzee_wa_Makasha
Nyongeza kwa anayenunua vilivyotumika. Ukikuta diski kwenye boksi la rangi nyekundu imeandikwa HD DVD, iache. Ule ulikuwa mpinzani wa Blu-ray. Toshiba walinyoosha mikono 2008 na deki za Blu-ray haziisomi.

Na usisubiri miaka. Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, Samsung wakaacha kuleta mpya Marekani 2019, LG wakafuata 2024. Diski bado zinatoka, watengenezaji wa deki ndio wanapungua.

Mtazamaji_Mkongwe
Basi naelekea Blu-ray iliyotumika. Tamthilia zinabaki DVD kama Bibi alivyosema, zile filamu ninazorudia kila mara ndizo nitazitafuta upya moja moja. 4K niiache mpaka siku ya kubadili TV. Nikienda kuikagua deki niangalie nini?

Fundi_Lenzi
Beba DVD yako moja ya filamu ndefu na uazime Blu-ray moja. Usitazame mwanzo tu, ruka hadi katikati na mwisho, maana lenzi iliyochoka hufichika kwenye tabaka la pili na ukingoni mwa diski. Hakikisha inakubali kusasishwa kwa flashi au intaneti, kwa sababu funguo za ulinzi dhidi ya kunakili hubadilika na deki isiyosasishwa inaweza kukataa diski mpya. Picha itoke kwa HDMI. Deki nyingi za kuanzia 2014 hazitoi picha kwa zile waya za njano. Na rimoti ya asili iwepo. Nyingi hazina kitufe cha menyu mwilini, na bila hicho huchagui lugha wala manukuu.