Nimepata kadi ya 1/1, jamaa ananipea elfu 25. Niuze ama nikae nayo?

beki_wa_umoja
Wadau habari zenu. Binamu yangu anakaa Minnesota, alikuja Disemba akaniletea boksi ya kadi za Topps Chrome za Champions League, zile za kukusanya zenye picha za wachezaji wa mpira, tukakaa mezani na watoto baada ya chai tukifungua pakiti moja moja, mara kijana wangu akatoa moja inang'aa dhahabu, ukiigeuza kwa taa inafanya miviringo kama maji kwa karai, na imeandikwa 1/1. Inaitwa Superfractor, yaani hiyo ndiyo moja imechapishwa dunia nzima. Shida ni mchezaji, ni beki kijana wa miaka 19 na mimi sijawahi hata kumwona akicheza. Nikaweka picha kwa grupu, jamaa fulani wa Nairobi West akaniingilia inboksi, elfu 25 keshi, anaweza kuja leo. Binamu ananiambia nisithubutu, ati kadi za pekee zinauzwa mamilioni ya dola, na mimi Januari hii nina karo ya watoto wawili. Thamani ya kitu kama hii inatoka wapi hasa?

chai_na_kadi
Hongera sana, kuna watu tumefungua maboksi miaka na hatujawahi kuishika.

Binamu hajadanganya lakini amekupea nusu ya habari. Ile iliyouzwa dola milioni 2 ni The One Ring ya mchezo wa kadi unaoitwa Magic, 2023. Hiyo walitangaza mapema kwamba iko moja tu, imeandikwa kwa herufi za Elves wa Lord of the Rings, imefichwa ndani ya pakiti mahali fulani, watu wakafungua maboksi wakiitafuta mpaka ikapatikana Kanada na mwanamuziki Post Malone akainunua. Umeona? Kabla hata haijapatikana, dunia nzima ilikuwa inaitaka. Yako hakuna mtu alikuwa anaitafuta. Na kwa hiyo seti si beki wako peke yake ana Superfractor, wachezaji wengine pia wako nazo, kwa hivyo "moja tu" ziko nyingi.

Fikiria nganya za Rongai, zile matatu zilizopambwa. Hakuna mbili zimechorwa sawa, kila moja ni ya pekee, lakini kuna ile inapita na watu wanaendelea na simu zao, na kuna ile watu wanakataa kupanda zingine wakiingojea, hata mvua inanyesha.

Sasa bei. Ya 1/1 haina bei ya jana juu haijawahi kuuzwa, kwa hivyo angalia ndugu zake. Kadi hiyo hiyo iko ya dhahabu ya kawaida iliyochapishwa 50, na ya chungwa 25. Ingia eBay, angalia zilizouzwa, si zenye mtu ameweka bei anayoota. Hapo ndio utajua kama 25 ni pesa ama ni dharau.

shiro_wa_huruma
Mimi naona mnaharakisha kwa pesa. Kuna kijana wa miaka 11 Los Angeles alipata kadi ya Paul Skenes ya 1/1, ndani imewekwa kiraka chenyewe chenye Skenes alivaa kwa jezi siku ya mechi yake ya kwanza kabisa kwa ligi kuu ya besiboli. Timu ya Skenes ikaitaka, ikaahidi tiketi za msimu za miaka 30, familia ikakataa, na Machi 2025 ikauzwa mnadani dola milioni 1.11. Hiyo si karatasi tu, ni kipande cha ile siku, na ile siku hairudi.

Na beki wa miaka 19 hujui atakuwa nani. Superfractor ya Mike Trout, mchezaji mwingine wa besiboli, ya 2009 mtu aliinunua dola laki 4 mwaka wa 2018, miaka miwili baadaye ikaenda dola milioni 3.9. Sawa, Trout ni mmoja na vijana wanaopotea ni wengi, hilo nakubali.

Lakini nikwambie kitu kilinipata. 2021 nilikuwa na yangu ya 1/1 ya kipa, nikaiuza elfu 6 juu nilikuwa na deni la nyumba. Ningeuza ile ya 50 ningeweza kununua ingine baadaye. Hii ukiuza imeenda. Nimeitafuta miaka yote hii, yule aliyenunua hajibu, na hakuna duka duniani naweza kuingia niulize kama wako nayo. Hiyo ndiyo maana ya moja, na niliielewa nikiwa nishaipoteza.

Halafu tafadhali iweke kwa kava laini halafu ile ngumu ya plastiki, usiishike kwa vidole, na usiiache karibu na dirisha, hizi zinazong'aa hujikunja.

beki_wa_umoja
Asanteni sana. Nimekaa jana usiku nikaangalia. Ya chungwa imeuzwa mara mbili, dola 30 na dola 42. Kwa hivyo elfu 25, kama dola 190 na kitu, jamaa hakuwa ananidharau.

Nikamuuliza moja kwa moja mbona anaitaka hivyo. Akanitumia picha. Amekusanya kadi za huyo beki tangu akiwa timu ya vijana, zote zimepangwa kwa albamu moja, ya dhahabu, ya chungwa, nyekundu, halafu mfuko mmoja wa plastiki uko wazi pale mwisho. Anasema aliuacha wazi hivyo akijua pengine hautajaa.

Shiro, maneno yako yameniingia, na kijana wangu ndiye alitoa hiyo kadi, kwa hivyo nimemuuliza yeye. Amesema anataka kwanza kuiona ikiwa kwa huo mfuko. Tunakutana Jumamosi saa nne pale Archives, jamaa anakuja na albamu, nimemwambia ni elfu 30 na hajabishana.