Noti 13, 18 au 25? Wapiga besi za miguu tupeane uzoefu

Mguu_wa_Kushoto
Wakuu, jana mguu wangu uliishiwa barabara. Nateremka C, B, A kwenye pedali zangu 13 (ubao wa sakafuni wenye vibonyezo kama vya kinanda, wa kupigia besi kwa miguu), na mnajua wenyewe chini ya C hakuna kitu, ni ukingo wa ubao. Ikabidi B nikaifuate juu: nusu-toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti) 11 kupanda badala ya moja kushuka. Besi ilikuwa inashuka ngazi, ghafla iko ghorofani. Nataka kubadilisha. Aliyewahi kutumia 13, 17, 18, 20 au 25 atiririke. Mimi napiga gitaa nimesimama, hilo msilisahau.

TuliaChini
13 inatosha. Besi ni do na so, mengine mbwembwe.

Kisigino
Mbwembwe? Hammond B-3, kile kinanda cha umeme, ina pedali 25, vinanda vikubwa vya kanisani vinafika 30 hadi 32. Unadhani ziliwekwa kupendezesha sakafu? Mguu wa kushoto unapiga noti za chini, wa kulia za juu, kidole na kisigino vinapokezana. Ukishazoea 25 halafu ukalie 13, magoti yanagongana.

TuliaChini
Wewe una benchi, mkuu. Mwenzako amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, gitaa shingoni. Akitaka C ya juu kwenye 25 inabidi asafiri, na maiki haisafiri naye.

Kisigino
Basi akae.

Mwenda_Pole
Moog Taurus ya kwanza, sintesaiza ya kupigwa kwa miguu, ya katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa na 13, na ndiyo iliyopigwa na Geddy Lee wa bendi ya Rush na Mike Rutherford wa Genesis, watu wenye gitaa mikononi. 1981 wakaleta Taurus II yenye 18. Ilipokuja Taurus 3 mwaka 2010 wakarudi kwenye 13. Jijibu mwenyewe.

Waya_Mwekundu
Unachanganya mambo. Taurus II haikulaumiwa kwa kuwa na noti 18, ililaumiwa sauti. Ndani walibadilisha mtambo, ule mngurumo wa ile ya kwanza haukuwepo. Noti tano za ziada zina kosa gani hapo?

Noti_Haifi
Huu uzi umenikumbusha jambo nililokuwa nimeshalizika.

Nina 13 zenye swichi mbili za oktavu pembeni (zinapandisha au kushusha ubao mzima nusu-toni 12), za kubonyeza kwa kidole cha mguu. Nilijisemea ya nini kubeba ubao mrefu, nikitaka juu nabonyeza, nikitaka chini nabonyeza. Tukaalikwa kusindikiza kwaya. Wimbo wa tatu unaisha polepole, mimi nimeshikilia C ya chini kabisa, ile ya hezi 32.7 (mitetemo kwa sekunde), kwa mguu wa kulia. Unaofuata uko juu, nikasema ngoja nijiandae mapema. Mguu wa kushoto ukabonyeza swichi ya kupanda. Wimbo ukaisha, nikainua wa kulia. C haikunyamaza.

Kwa ambao hamjaonja: ubao hutuma amri za namba kwa sintesaiza, mashine inayotoa sauti; ulikuwa umetuma "anza noti namba 24". Naachia, oktavu imeshapanda, ukatuma "acha noti namba 36". Sintesaiza haina 36 ya kuacha, ikaendelea na 24 yake bila wasiwasi.

Kiongozi wa kwaya kashusha mikono. Ukumbi kimya kabisa. Chini ya ule ukimya: muuuuuuu. Viti vinatetemeka. Fundi mitambo anazima maiki moja moja, anadhani kuna maiki inavuma. Mimi nakanyaga C ili nizime, sauti inapanda oktavu moja. Nikiinua, inarudi kulekule chini, muuuuu. Nikakanyaga mara sita. Watu wakadhani ndiyo utangulizi.

Kumbe mwimbaji wa solo naye kadhani hivyo hivyo. Wimbo wake uko Db, nusu-toni moja juu ya C. Masikini akachukua do yake kwenye C yangu, akaanza kwa hisia zote, macho kafumba. Kinanda kikaingia Db. Alifumbua macho akanitazama mimi, si mpiga kinanda. Akaweka maiki chini akatoka. Nilichomoa waya wa umeme kwa mkono.

Kibwagizo
Mara sita 😂😂😂

TuliaChini
"Watu wakadhani ndiyo utangulizi." Nimekufa.

Waya_Mwekundu
Pole sana. Ila dawa ilikuwa mguuni kwako: rudisha swichi chini, kanyaga C ileile, inua. Ingetumwa "acha 24" na kelele ingekwisha.

Noti_Haifi
Asante. Ungekuwepo.

Kisigino
Mwenye 25 haguzi swichi. Nasema tu.

Fundi_Sauti
Ubao uliotengenezwa vizuri unakumbuka noti iliyoanza na kuiacha hiyohiyo hata oktavu ikibadilika. Ukienda kununua usihesabu pedali tu: shikilia noti, badilisha oktavu, achia. Ikibaki inalia, rudisha. Kwa ulio nao tayari, bandika utepe wa gundi juu ya swichi.

Kibwagizo
Mimi huweka kizibo cha chupa juu ya swichi. Mwaka wa pili huu.

Mpya_Mjini
Samahani, nimenunua 13, maelezo yanasema inaanzia C2. Ni ya 65 au ya 32?

Mwenda_Pole
C2 ni hezi 65.4.

Waya_Mwekundu
Inategemea nani kaandika. Noti namba 60, C ya katikati, Yamaha wanaiita C3, Roland wanaiita C4. C2 ya huyu ni C3 ya yule. Usiulize jina, uliza namba: 36 ni hezi 65.4, 24 ni hezi 32.7.

Mwenda_Pole
Kila mtu anajua C ya katikati ni C4.

Waya_Mwekundu
Kila mtu isipokuwa waliotengeneza nusu ya vinanda ulivyowahi kugusa.

Fundi_Sauti
Mkimaliza, mkumbuke spika. E ya chini ya gitaa la besi ni hezi 41.2. Spika isiyoshuka hapo ukiipelekea C ya 32.7 haitoi noti yenyewe; mnasikia ndugu zake wa 65 na 98, sauti za juu zinazoambatana nayo, sikio linajaza pengo. Wengi mnagombania oktavu ambayo spika zenu hazijawahi kuipiga.

Mguu_wa_Kushoto
Nimesoma yote. Vipi nikibaki na 13 na kushusha kila kitu nusu-toni tatu, pedali ya C itoe A?

Kisigino
Usithubutu. Nyeusi na nyeupe zitakudanganya, mguu utasema C, sikio litasema A, na wewe unaimba hapohapo.

TuliaChini
Mimi nimeshusha hivyo miaka, mguu unazoea. Wapiga gitaa wanaobana kapo (kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote) mbona hawalii?

Waya_Mwekundu
Kuna njia ya katikati. Ile C ya juu, pedali ya 13, unaikanyaga mara ngapi kwa usiku? Kama sintesaiza yako inaruhusu kupangia pedali mojamoja, ipe B ya chini, hezi 30.9. Nyingine 12 ziache kama zilivyo.

Mguu_wa_Kushoto
Nimejaribu sasa hivi. Inaitika. Ila mara mbili nimesahau, nimemalizia wimbo wa C kwa B.

Noti_Haifi
Karibu chamani.

Mpya_Mjini
Yule wa solo alirudi lakini?

Noti_Haifi
Alirudi. Mimi ndiye sikualikwa tena.