Klasi (aina ya mhusika) rahisi kwa mgeni, yenye kina kwa mkongwe: vitufe vingapi?

Mvuvi_Likoni: Wakubwa, shikamooni. Tunaunda mchezo wa kuigiza wahusika mtandaoni, wa simu, mtu acheze hata akisubiri feri. Mpiga upinde wetu ana ujuzi 14. Wageni wanapotea, wakongwe wanasema hana kina. Tukate wapi?

Fundi_Kisauni: Vitufe 14 vya ujuzi kwenye kioo cha simu ni fujo, ndugu yangu. Kidole gumba hufikia vitufe 5 au 6 bila taabu. Ondoa kila kitufe kinachobonyezwa papo kinapopoa, yaani muda wa kukisubiri ukiisha. Hapo hakuna uamuzi, ni kuchosha kidole tu. Kina kitoke kwenye uhusiano: mshale mwepesi unabandika alama kwa adui, mwisho 3, mshale mzito unazilipua. Mgeni akilipua 1 bado anaumiza. Mjuzi hungoja 3. Ila mjuzi akipiga mara mbili ya mgeni, wageni watatimuliwa vikundini.

Bi_Makadara: Angalieni na mdundo. Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni wa aina hiyo hiyo, huweka sekunde 2.5 kati ya mapigo makuu. Bando likikwama kidogo, huumii sana.

Mvuvi_Likoni: Alama zidumu muda gani?

Fundi_Kisauni: Anzia sekunde 12. Zikiwa sekunde 5, ukikwepa pigo la bosi (adui mkubwa) mara moja alama zimeyeyuka, na lawama zote utabebeshwa mtandao.