Mlioanza jimu baada ya miaka ya kukaa tu, siku ya kwanza ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kochi:
Wakuu, heshima zenu. Leo nimeinama kufunga kamba za viatu, nikajikuta nimebana pumzi kama mtu anayezamia. Kuinuka, naona nyotanyota. Nina miaka 41, urefu sentimita 172, kilo 104. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa sekondari, na hata hapo nilikuwa nimekutwa nje ya uzio.

Ada ya jimu nimeshalipa, wiki tatu sasa. Kadi iko kwenye pochi, mguu haujakanyaga. Siyo uvivu (haya, na uvivu umo), ni ile kuingia mlangoni watu wakageuka kukuangalia. Mlioanzia hapa nilipo, semeni ukweli: mlikosea wapi, uzito ulianza kushuka lini? Wenye matumbo ya vipande vipande piteni kimya kimya.

Pita Mlangoni:
Nakaa hapa kusoma. Kadi yangu ina miezi minne.

Mama Pacha:
Kaka, umenikumbusha mbali. Mimi nilianza pacha wangu wakiwa na miaka sita, yaani kile kisingizio cha "bado nina mwili wa uzazi" kilikuwa kimeshaanza shule. Nilivaa fulana ya mume wangu inayofika magotini, nikaenda kwenye mashine ya kona ya mwisho kabisa nisionekane. Kumbe kona ile ina vioo pande mbili. Nikajiona mbele, nikajiona ubavuni, nikajiona na pande ambazo tangu nizaliwe hatujawahi kutambulishwa.

Kocha akaniuliza nataka nini. Nikamwambia tumbo tu, kwingine nimeridhika. Akacheka, akasema mama, ukipiga sitapu misuli ya tumbo itakaza, lakini mafuta yaliyo juu yake yanatoka mwili mzima na hayakuulizi yaanzie wapi. Tukafanya kuchuchumaa, kupanda kijukwaa, kusukuma. Nikatoka najiona shujaa. Kesho yake uzito kidogo wa miguu, nikasema kumbe ndiyo haya tu?

Kesho kutwa yake nikaenda chooni. Kukaa nilikaa. Kuinuka ndiyo ikawa kesi. Nikashika sinki, nikashika kitasa, mwisho nikamwita mwanangu mmoja, naye akamwita mwenzake, wakanivuta huku wanahesabu moja, mbili, tatu kama wanapandisha mashua pwani. Jioni wakampigia bibi yao kumsimulia.

Ila kilichotaka kunitoa kabisa ni mizani. Wiki mbili za kujitesa, nikapanda, nimeongezeka kilo moja na nusu. Nililia, sifichi. Nikaificha mizani chini ya kitanda. Wiki ya saba hivi nikajaribu sketi niliyokuwa siifungi zipu, ikafunga. Nikaitoa mizani: nimepungua kilo mbili tu. Mpaka leo sijui zile nyingine zilikwenda wapi lakini sketi haidanganyi.

Goti Bovu:
Ya chooni ni kweli tupu. Mimi nilikuwa nafanya kujidondosha.

Nesi wa Usiku:
Mama Pacha, ile kilo moja na nusu ilikuwa maji, pole sana kwa machozi. Misuli isiyozoea ikishtuliwa inapata michubuko midogo midogo, hasa kwenye mwendo wa kushuka: kushusha chuma, kushuka ngazi. Inapojitengeneza inavuta maji. Tena wanga unaowekwa akiba kwenye misuli unakaa na maji karibu mara tatu ya uzito wake. Kujaza kilo moja na nusu ya mafuta ndani ya wiki mbili ungehitaji kula zaidi ya kalori 11,000 juu ya zile unazotumia.

Na maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72, ndiyo maana kesho yake huwa inadanganya. Wanaosema ni asidi ya laktiki, hiyo inakuwa imeshaondoka hata kabla hujafika nyumbani na kuoga.

Goti Bovu:
Basi na mimi nitoe yangu. Siku ya kwanza nilijilaza kwenye benchi la kusukumia chuma. Kocha kaenda kupokea simu. Nikasema siwezi kukaa kama mgonjwa anayesubiri daktari, nikakishusha chuma mwenyewe. Kikashuka vizuri kabisa. Kikagoma kupanda.

Kuita msaada naona haya, na muziki uko juu. Nikaona nikivingirishe kuelekea miguuni, nitoke kwa juu. Kikavingirika mpaka kwenye kitambi, kikasimama. Kitambi kimekataa. Huku kifua, huku mlima, katikati nipo mimi. Aliyekuja kuninusuru ni mama wa umri wa mama yangu, akanyanyua upande mmoja kwa mkono, akaniambia "pole mwanangu, anza na mti mtupu, bila vyuma vya pembeni".

Bibi Kijana:
Ulikuwa umevaa kaptula ya kijani?

Goti Bovu:
Hapana mama.

Goti Bovu:
Ilikuwa ya bluu. Shikamoo.

Bibi Kijana:
Marahaba. Basi ni mwingine, mimi nimeshawatoa watatu. Mzee wa Kochi, mwanangu, nina miaka 63, nilianza nikiwa na 58 baada ya mguu kunigomea kwenye ngazi. Hakuna anayekuangalia kule. Kila mtu anajiangalia mwenyewe kwenye kioo. Wanaokuangalia ni wale walioanza wiki iliyopita, na wanakuangalia kuona kama wewe umechoka kuliko wao.

Chuma Ulete:
Mnamdekeza jamaa. Nilikuwa na kilo 98, leo 79. Siri ni moja: kujitesa. Siku sita kwa wiki, saa mbili kila siku, asubuhi tumbo tupu. Ukiweza kushuka ngazi kesho yake, jua hukufanya kitu. Bila maumivu hakuna mwili.

Kijiko Kimoja:
Jimu haipunguzi uzito, kinachopunguza ni mdomo. Mtu wa kilo mia akitembea kwa haraka nusu saa anachoma kama kalori 200. Chupa ya soda ya nusu lita ni hizo hizo, na inaisha dakika mbili. Nilihudhuria jimu mwaka mzima nikawa mnene mwenye pumzi. Nilipoacha soda na kupunguza sahani ndipo mizani ikasogea.

Chuma Ulete:
Na ukipunguza sahani bila chuma unakuwa mwembamba mwenye ngozi inayoning'inia. Tumeshawaona.

Kijiko Kimoja:
Bora ngozi.

Kamba Fupi:
Chuma Ulete, ngoja nikusimulie mwili nilioupata kwa maumivu.

Nilikuwa nimekaa miaka tisa bila zoezi lolote, kazi ya kiti, gari, kiti. Shemeji yangu kijana, mdogo wake mke wangu, anakwenda jimu kila siku. Siku ya familia akanitania mbele ya watu kwamba siwezi kuchuchumaa mara hamsini. Mbele ya wakwe! Jumatatu nikamfuata jimu. Yeye akasema tufanye mia, kumi kumi. Mia ikaisha. Nikamwambia ongeza. Tukaenda mpaka mia mbili na arobaini, mwisho miguu ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, lakini kwenye uso wa shemeji niliona heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

Jumanne mapaja mazito. Jumatano yamevimba, yamekaza, suruali haipandi. Nikasema ndiyo haya ya kawaida, kila anayeanza anasema hivi hivi, nikameza dawa ya maumivu. Usiku wa Jumatano nikaenda kukojoa. Mkojo umetoka rangi ya kahawia iliyoiva, kama chai ya rangi iliyosahaulika kwenye birika. Nikawasha taa ya pili nikidhani macho. Sikumwambia mtu, nikanywa maji, nikalala. Alfajiri ukatoka mweusi zaidi, tena kidogo.

Mke wangu alinikuta nimekaa ukingoni mwa beseni. Akatazama chooni, akatazama mimi, hakuuliza, akachukua funguo. Hospitali wakapima damu, kile kimeng'enya cha misuli ambacho kwa kawaida hakizidi mamia machache changu kilikuwa zaidi ya 60,000. Daktari akaniambia misuli yako imepasuka, vilivyokuwa ndani vimemwagika kwenye damu, na figo ndizo zinazojaribu kuvichuja. Dripu usiku na mchana, siku tano. Kila nikikojoa nesi anakuja kupima kwenye chombo na kuandika. Siku ya tatu mama mkwe akaja kuniona. Akauliza nini kimenipata. Shemeji akatazama dirishani.

Figo zilipona, namshukuru Mungu. Nilirudi jimu baada ya miezi miwili kwa ruhusa ya daktari, nikaanza na kuchuchumaa mara nane huku nimeshika kiti.

Pita Mlangoni:
Mama yangu. Sasa kadi yangu naigawa.

Fundi Saa:
Nimekwenda kuangalia wangu sasa hivi.

Mama Pacha:
Na?

Fundi Saa:
Njano.

Chuma Ulete:
Pole sana kaka, kwa dhati. Lakini hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja, msiigeuze sheria. Maelfu wanaanza kila siku na hawapati hayo.

Nesi wa Usiku:
Ni nadra, hapo nakubaliana nawe. Ila wengi ninaopokea wodini na tatizo hilo hadithi yao ni moja: amekaa miaka, akarudi siku moja kwa mashindano, akarudia zoezi lile lile mamia ya mara. Maumivu ya kawaida yanakuacha utembee huku unalalamika. Ukiona uvimbe, udhaifu na mkojo wa rangi ya chai au kola, usiende kuoga maji ya moto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na Kamba Fupi, dawa nyingi za maumivu zinaongezea figo mzigo wakati kama ule.

Chuma Ulete:
Mimi mbona nilianza na saa mbili na niko hai?

Bibi Kijana:
Ulikuwa na miaka mingapi, mdogo wangu?

Chuma Ulete:
24.

Bibi Kijana:
Haya.

Msomaji wa Zamani:
Kwa anayeona ile mashine ya kukimbilia ni mateso, hakosei. Ilianza kama adhabu. Mwaka 1818 mhandisi William Cubitt aliibuni kwa ajili ya magereza ya Uingereza, wafungwa wakawa wanakanyaga kwa saa nyingi kila siku.

Fundi Saa:
Siyo hiyo. Lile lilikuwa gurudumu kubwa lenye vidaraja, mfungwa anapanda na kujikuta yuko pale pale. Huyo ni babu wa mashine ya ngazi, siyo ya mkanda.

Msomaji wa Zamani:
Jina la Kiingereza ni lile lile.

Fundi Saa:
Jina siyo mashine. Mimi nafungua mashine kwa riziki yangu, usinifundishe mkanda.

Goti Bovu:
Wafungwa walikuwa wanalipia ada?

Msomaji wa Zamani:
Bure.

Goti Bovu:
Basi walitushinda.

Mama Pacha:
Turudi kwa mwenye mada jamani. Kaka, mimi nilipewa hatua elfu kumi kwa siku, ndizo zilinisaidia siku za kutokwenda jimu.

Msomaji wa Zamani:
Elfu kumi hazikutoka maabara, dada. Ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ila kutembea ni kutembea, usiache.

Nesi wa Usiku:
Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 kwa wiki za zoezi la wastani, na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mkuu, kilo 104 kwa urefu wako inakupa kipimo cha uzito kwa urefu (BMI) cha 35, unene uliopitiliza unaanza kuhesabiwa 30. Kabla ya yote pima presha na sukari. Kisha dakika 20 za kutembea, ukitoka ukiwa bado unatamani kuendelea.

Chuma Ulete:
Ukitoka unatamani kuendelea, endelea. Ndiyo mantiki.

Goti Bovu:
Asikimbie kwanza, goti langu lina jina kwa sababu. Baiskeli ya kukaa. Au maji, kama unajua kuogelea.

Kijiko Kimoja:
Na soda.

Mzee wa Kochi:
Nimesoma yote. Nimeogopa na nimecheka kwa kiasi sawa. Presha nitapima kesho asubuhi, jioni nakwenda.

Pita Mlangoni:
Tukutane huko.

Mama Pacha:
Jimu moja?

Pita Mlangoni:
Hapana, huko kwenye kwenda.

Mzee wa Kochi:
Wakuu, mrejesho. Presha iko juu kidogo, daktari amesema nitembee kwanza. Juzi nimekwenda. Nilikaa kwenye gari dakika kumi na tano nikijifanya naongea na simu. Nikaingia. Kijana mmoja akaniangalia, kweli, kisha akaniuliza kama naye anaruhusiwa kutumia ile baiskeli, kumbe na yeye ilikuwa siku ya kwanza. Nimetembea dakika 20, nimechuchumaa mara nane nimeshika kiti kama Kamba Fupi. Nilitamani kuendelea, nikaondoka.

Sasa niko chooni naandika kutoka hapa. Kukaa nimekaa.

Mama Pacha:
Hahaha! Ita watoto.

Nesi wa Usiku:
Kabla hujamwita mtu: rangi gani?